SAA ZA MTOTO WAKO: Kuhesabu Kazi za Nje ya Masomo katika Maombi ya Chuo cha Udaktari



Kila unapofika mwezi wa Mei, katika nyumba zetu kadhaa hapa Marekani huwapo kijana aliyejifungia chumbani na fomu. Amemaliza shahada ya kwanza, au yu karibu kuimaliza, na sasa anaomba nafasi katika chuo cha udaktari. Alama zake zinajulikana, mtihani wa kuingilia ameshaufanya, na barua za walimu wake ziko njiani. Kinachomkesheza ni ukurasa unaomtaka aeleze mambo aliyoyafanya nje ya darasa na, kwa kila jambo, aandike jumla ya saa alizolitumikia. Wazazi humwona akihesabu kwa vidole, wakadhani ni jambo dogo. Si dogo. Ni hapo ambapo watoto wetu huiacha haki yao kwa ajili ya haya, na ni hapo hapo ambapo wengine huivunja amana kwa ajili ya pupa. Mara nyingi mambo hayo mawili humpata kijana yule yule katika fomu ile ile: kazi yake kubwa kuliko zote haikuandikwa kabisa, na ile ndogo imetiwa chumvi.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kijana huyo, na zaidi kwa ajili ya wazazi wake, kwani nusu ya ushahidi anaouhitaji umo mikononi mwao.

Tuitazame kwanza fomu yenyewe. Vyuo vingi vinavyotoa shahada ya M.D. hupokea maombi kwa njia ya AMCAS, huduma ya pamoja inayoendeshwa na jumuiya ya vyuo hivyo, AAMC. Sehemu ya kazi na shughuli ina nafasi 15, wala hakuna sharti la kuzijaza zote. Kila nafasi hutaka aina ya shughuli, jina lake, mahali ilipofanyika, tarehe za kuanza na kumaliza, jina la mtu anayeweza kuulizwa habari zake, jumla ya saa, na maelezo yasiyozidi herufi 700, nafasi zilizo wazi baina ya maneno zikiwa ndani ya hesabu. Kati ya shughuli hizo mwombaji huteua zisizozidi 3 kuwa ndizo zilizomwathiri zaidi, na kila moja kati ya hizo hupewa herufi nyingine 1,325. Shughuli inayokatika na kurejea, mathalani ile ya kila kiangazi au ya kila Ramadhani, huweza kuandikwa katika nafasi moja yenye vipindi 4 vya tarehe, kila kipindi na saa zake.

Saa zenyewe nazo ni za namna mbili. Zipo zilizokwisha kutimia siku ambayo fomu inapelekwa, na zipo zinazotarajiwa baada ya siku hiyo. Kila namna ina kisanduku chake, na kuzichanganya ni kosa. Fomu ikishapelekwa, sehemu hii haifunguliwi tena. Kilichosahauliwa kimesahauliwa, na kilichozidishwa kimebaki na saini ya mwombaji chini yake.

Mtu huweza kuuliza: wanataka saa za nini, na huku wamekwisha kusoma maelezo? Sababu yake si ngumu. Maneno "nilifundisha watoto" huandikwa na aliyefundisha Jumamosi moja, na huandikwa vile vile na aliyefundisha miaka minne. Msomaji wa fomu ana maelfu ya maombi mbele yake, naye huhitaji kipimo cha kumwonyesha uzito wa jambo kabla hajasoma habari zake. Haitoshi kusema umebeba mzigo. Wanauliza ulikuwa wa ratili ngapi.

Sasa tuje kwenye haya yetu. Mwandishi wa makala haya amewahi kuombwa na vijana kadhaa wa jamii awasomee fomu zao kabla hawajazipeleka. Jambo moja limejirudia. Kijana ameorodhesha siku 2 alizozunguka na daktari wodini, na chama cha wanafunzi alichohudhuria mikutano yake mitatu. Ukimuuliza ulikuwa ukifanya nini Jumamosi na Jumapili, hukujibu, "Nilikuwa nikisomesha madrasa tu." Ukimuuliza usiku je, hukujibu, "Nilikuwa nikifanya kazi ghalani tu." Na mchana baada ya masomo? "Nilikuwa nikimwangalia bibi tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyokula miaka yake minne.

Kufundisha madrasa ni kufundisha. Mwenye kumshika mtoto wa miaka 6 akamtoa katika alifu mpaka akaweza kusoma mwenyewe, amefanya kazi ya ualimu, na fomu ina aina ya shughuli inayohusu ualimu na usaidizi wa masomo. Kupika na kugawa futari ya watu 200 ni huduma ya jamii isiyo ya kitabibu. Anayeitwa usiku kumsaidia mkubwa kuosha maiti na kumsitiri, akaifanya kazi hiyo mara kwa mara kwa adabu yake, amejifunza juu ya mwili wa binadamu na juu ya wafiwa jambo ambalo wenzake wengi hawatalikutana nalo mpaka waingie chumba cha anatomia. Kama atapenda kuliandika hilo ni hiari yake. Wako wanaoona kuwa ni baina yao na Mola wao, na hawana la kulaumiwa. Lakini asiliache kwa kudhani kuwa wasomaji wa fomu watalicheka.

Kazi ya mshahara ndiyo inayofichwa zaidi, na ndiyo isiyostahili kufichwa hata kidogo. Fomu ina aina mbili kwa ajili yake: ajira ya kitabibu na ajira isiyo ya kitabibu. Msaidizi wa muuguzi katika nyumba ya wazee, anayegeuza wagonjwa kitandani, kuwaogesha na kuwalisha, ana saa za kuwahudumia wagonjwa ambazo mtoto wa tajiri huzitafuta kwa barua na kwa simu. Na yule aliyepakia mizigo, aliyesafisha ofisi au aliyekaa dukani ili kodi ya nyumba ilipwe, saa zake zinamweleza msomaji kwa nini hakupata nafasi ya kwenda kujitolea nje ya nchi wakati wa likizo. Asipoziandika, msomaji ataona pengo, na pengo hufasiriwa vibaya.

Tena wanafunzi wa sekondari wanaoomba kuingia chuo kikuu kwa fomu ya Common App wanapaswa kujua kuwa fomu hiyo, yenye nafasi 10 za shughuli, imetaja waziwazi majukumu ya kifamilia kuwa ni aina mojawapo, sambamba na michezo na muziki. Nayo huuliza saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Kwa hiyo mtoto anayewapokea wadogo zake wanaporudi shuleni na kukaa nao mpaka mama arudi kazini, ana jambo la kuandika tangu akiwa na miaka 14. Katika AMCAS hakuna aina yenye jina hilo, lakini ipo ya "mengineyo". Zaidi ya hapo ipo insha ya hiari ya herufi 1,325, ambamo mwombaji hueleza mambo makubwa ya maisha yaliyomkuta, yawe ya familia, ya mali, ya elimu au ya mahali alipokulia.

Baada ya kukubali kwamba kazi ni kazi, huja hesabu, na hapa pupa huanza.

Tuchukue mfano wa binti anayefundisha madrasa Jumamosi na Jumapili, saa 2 na nusu kila siku, tangu mwanzo wa Septemba mpaka mwisho wa Mei, kwa miaka mitatu. Kwa haraka atasema: saa 5 kwa wiki, mara wiki 52, mara miaka 3, ni saa 780. Hesabu imepigwa sawasawa, lakini haiwi kweli. Septemba hadi Mei ni kama wiki 38. Madrasa hufungwa wiki 2 za Disemba. Likiingia kumi la mwisho la Ramadhani mpaka Idi, wiki nyingine 2 zinakwenda. Theluji na maradhi, tuseme wiki 2. Zimebaki 32. Saa 5 mara 32 ni saa 160 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 480. Zile 300 zilizosalia hazikufundishwa na mtu yeyote. Na tazama kwamba 480 si haba! Hakuna atakayeidharau. Ikiwa kila wiki alikaa saa moja nyumbani akitayarisha somo na kusahihisha madaftari, basi saa hizo 32 za mwaka ni zake pia, na azitaje ndani ya maelezo ili msomaji ajue zimetoka wapi.

Mwenye ajira ana njia nyepesi kuliko zote: karatasi za mshahara. Kila karatasi huonyesha saa zilizolipwa. Azijumlishe na aandike alichokipata. Wengi huzitupa wakidhani fomu ya kodi ya W-2 itatosha, kumbe W-2 huonyesha fedha na wala haionyeshi saa. Mzazi anayesoma hapa na awaambie wanawe leo kuwa karatasi hizo ziwekwe pamoja na pasi za kusafiria.

Pagumu ni nyumbani. Mtoto anayeishi na bibi mwenye kisukari hawezi kudai saa 24 za siku kwa sababu tu wanalala chini ya paa moja. Ahesabu muda alioutenga, ambao lau si kazi hiyo angekuwa anafanya jambo jingine: kupima sukari, kutayarisha sindano, kumtazama miguu, kumpeleka kliniki. Ikiwa ni saa moja kwa siku kwa mwaka mzima, ukitoa siku alizosafiri, ni kama saa 350. Mapishi ya nyumba nzima hayamo, wala mazungumzo ya jioni, ingawa mazungumzo hayo huenda ndiyo yaliyomponya bibi kuliko sindano.

Mfano mwingine ni mzito zaidi. Baba amepatwa na maradhi ya figo na husafishwa damu mara 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa takriban saa 4. Mwanawe humpeleka, humngoja na humrudisha. Akihesabu saa 5 na nusu kwa kila safari, mara 3, mara wiki 52, atapata 858. Je, aziandike? Kwa maoni yangu inategemea alikuwa akifanya nini huku akingoja. Ikiwa alikaa chumba cha wageni akisoma kitabu chake cha kemia, kazi yake ilikuwa kuendesha gari, kumkabidhi mgonjwa, kuzungumza na wauguzi na kumrudisha, tuseme saa moja na nusu kwa safari, nayo kwa wiki 50 ni saa 225. Wako watakaoniona mchoyo. Lakini zile saa nyingine hazijapotea: ataeleza katika insha ya hiari kwamba kwa mwaka mzima asubuhi tatu za kila wiki hazikuwa zake, na kwamba mtihani wake wa kemia aliusomea katika kiti cha plastiki. Kisanduku cha saa ni cha kazi iliyofanywa. Insha ndiyo ya kueleza maisha yalivyobanwa.

Ukalimani una mtego wake wa pekee. Karibu kila mtoto wetu aliyelelewa hapa ameshawahi kumtafsiria mama mbele ya daktari. Kanuni za serikali kuu zilizotolewa chini ya sheria ya afya ya 2010 zinawazuia watoa huduma wanaopokea fedha za serikali hiyo wasiwategemee watoto wadogo kuwa wakalimani, ila pakiwa na dharura yenye hatari ya papo kwa papo na mkalimani mwenye sifa hayupo. Mgonjwa ana haki ya kuletewa mkalimani bila ya malipo, na wazazi waidai haki hiyo. Hata hivyo tunajua yanayotendeka. Kijana aliyefanya hivyo kwa ajili ya wazazi na majirani aandike alivyofanya: alisindikiza na kutafsiri kwa ajili ya familia. Asijiite mkalimani wa tiba, kwani hilo ni jina la kazi yenye mafunzo na mitihani yake, na asiziweke saa hizo chini ya huduma ya kitabibu kana kwamba hospitali ilimwajiri. Ikiwa baadaye alisomea na akafanya kazi hiyo kwa shirika, hilo ni jambo la pili lenye nafasi yake.

Katika kuhesabu saa za ukalimani na za kliniki, lugha yetu nayo hutia mkono. Mama akikumbuka kuwa "ulinisaidia saa tatu", mtoto aliyekulia Kiingereza hajui kama ni muda wa saa tatu au ni saa tatu ya asubuhi, yaani tisa kwa mtindo wa hapa. Kwa mwanzo na mwisho hakuna hasara: toka saa mbili hadi saa sita ni saa nne, hata mtoto akikosea akaandika 2 hadi 6. Lakini kwa neno moja la mama, 3 imeshaingia kisandukuni na hali mama alikuwa akitaja wakati. Mwulize tena.

Na kalenda pia. Madaftari ya baadhi ya madrasa zetu huandikwa kwa miezi ya Kiislamu, na mwaka wao hufungwa Shaabani. Mwaka huo una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa Miladi kwa siku kama 11. Aliyefundisha miaka mitatu kwa daftari la madrasa amepungukiwa karibu mwezi mmoja kwa hesabu ya fomu, kwa hiyo tarehe zibadilishwe kwanza, ndipo wiki zihesabiwe.

Lipo kosa jingine, la saa moja kuliwa mara mbili. Kijana ni katibu wa jumuiya ya vijana, na jumuiya hiyo ndiyo iliyoandaa futari. Anaandika saa 90 za futari chini ya huduma, kisha saa zile zile 90 chini ya uongozi. Azigawe: za jikoni na ugawaji ziende upande mmoja, za vikao na barua upande wa pili. Katika CASPA, fomu wanayoitumia wanaoomba kusomea kazi ya wasaidizi wa tabibu, wale wanaotibu chini ya daktari, jambo hili ni zito zaidi. Huko saa za kumhudumia mgonjwa kwa mikono hutenganishwa na saa nyingine za kazi ya afya, kama za mapokezi au za kusukuma vitanda, na programu nyingi zina kima cha chini cha saa za mgonjwa. Wanaoomba tiba ya viungo nao wajue kuwa baadhi ya programu hutaka saa za kutazama kazi zithibitishwe kwa saini ya mtaalamu mwenyewe, kwa hiyo saini itafutwe siku hiyo hiyo, kabla mtaalamu hajahama mji.

Kuna kipimo kimoja ambacho kijana anaweza kujipima nacho nyumbani. Wiki ina saa 168. Toa 49 za usingizi, kama analala saa 7. Toa 45 za darasa na za kujisomea. Toa 28 za kula, kuoga, ibada na njia. Zimebaki 46. Ajumlishe shughuli zote alizodai kuzifanya katika muhula mmoja. Ikiwa zinafika 60 kwa wiki, ama halali ama hasomi ama kalamu yake imeteleza. Wasomaji wa fomu hupiga hesabu hiyo bila ya karatasi. Wanajua pia kuwa mtu mwenye kazi kamili ya saa 40, kwa wiki 50, hupata saa 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo mwanafunzi aliyejitolea saa 2,000 katika mwaka wa masomo atahojiwa, na ni haki ahojiwe.

Kukadiria kunaruhusiwa, hakuna anayedai dakika. Kadiria kwa kushuka, si kwa kupanda. Ikiwa hesabu imetoa 487, andika 487 au 480. Ukiandika 500, na jambo linalofuata 300, na la tatu 200, fomu nzima inanuka makisio.

Saa zinazotarajiwa zataka uangalifu wa peke yake, maana ni ahadi. Anayejitolea hospitali saa 3 kwa wiki, akapeleka fomu mwanzoni mwa Juni na kunuia kuendelea mpaka Mei ya mwaka unaofuata, anaweza kuandika wiki 44 baada ya kutoa likizo na mitihani, yaani saa 132. Lakini akiitwa kwenye mahojiano Januari, ataulizwa umefikia wapi. Aliyeahidi 132 na akaonekana ametimiza 10 hana la kusema. Sioni ubaya wa kukiacha kisanduku hicho kitupu kwa shughuli ambayo mustakabali wake haujulikani, kwa mfano anayengoja kuhamia jimbo jingine.

Kuhusu udanganyifu, vijana wasidhani kuwa hakuna anayepiga simu. Mwombaji huthibitisha kuwa aliyoyaandika ni ya kweli. AAMC ina utaratibu wa kuchunguza panapotokea shaka, na matokeo ya uchunguzi hupelekwa kwa vyuo vyote alivyoviomba. Nafasi iliyokwisha kutolewa huweza kufutwa. Sisi tunaolea watoto katika dini tusingehitaji kutishwa na simu, lakini nimewasikia watu wazima wakimwambia kijana, "Ongeza, kila mtu anaongeza." Si kila mtu. Na anayeongeza humwibia jirani yake ambaye hakuongeza, pengine mtoto wa nyumba ya pili.

Kwa ndugu zetu walioko Uingereza, fomu ya UCAS haina kisanduku cha saa. Kwa wanaoingia vyuoni tangu mwaka 2026, maelezo binafsi yamegeuzwa kuwa maswali 3 yenye jumla ya herufi 4,000, na mwisho wa kupeleka maombi ya udaktari ni 15 Oktoba. Huko hutazamwa zaidi mwombaji alijifunza nini katika kazi aliyoifanya kuliko alikaa muda gani. Daftari la saa bado litamfaa, kwa kuwa mtu hukumbuka alilojifunza akiona siku lilipotokea.

Na daftari ndilo ninalotaka lianze mwezi huu, katika nyumba yenye mtoto wa miaka 15, wala si miaka saba baadaye usiku wa kupeleka fomu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa ni mali. Mistari mitano yatosha kila Jumapili jioni: tarehe, mahali, kazi, saa, na jina la aliyekuwa mkubwa wa kazi siku hiyo. Upande wa pili wa ukurasa mtoto aandike sentensi moja ya jambo lililotokea. Sentensi hizo ndizo zitakazozaa zile herufi 700.

Jina la mkubwa wa kazi lina umuhimu wake. Fomu hutaka mtu wa kuulizwa, pamoja na simu au anwani ya barua pepe. Katika mambo ya nyumbani, baba na mama wawe wa mwisho kutajwa. Muuguzi wa kliniki, mfanyakazi wa ustawi wa jamii au jirani aliyeshuhudia ana nguvu zaidi. Kwa madrasa atajwe mwalimu mkuu, naye aambiwe kabla, asije akapigiwa simu na mgeni akasema hamjui mtu huyo kwa kuwa yeye humwita kwa jina la utani. Kamati za madrasa zetu zingefanya wema mkubwa kama zingetoa kila mwaka, kabla ya kufunga, karatasi moja kwa kila mwalimu wa kujitolea yenye jina lake kama lilivyo katika hati zake, tarehe za Miladi, idadi ya vipindi, na saini. Kazi hiyo haimalizi alasiri moja. Pale ambapo mwalimu mkuu ameshafariki au amerejea nyumbani, atajwe katibu wa kamati au mwalimu mwenzake wa wakati huo, na katika maelezo iongezwe nusu sentensi kwamba aliyesimamia kazi hayupo tena. Ikiwa daftari la zamani la mahudhurio liko kwenye sanduku la mtu, huu ndio wakati wa kulitoa na kupiga fotokopi kurasa zake, maana fomu za mwaka huwa zimefunguliwa mwanzoni mwa Mei, na wanaotaka kuwahi huzipeleka kabla Juni haijakolea.